Jinsi ya kuwatafsiria watoto muvi nyumbani

Mimi ni fundi televisheni hapa Nkuhungu, Dodoma. Kutwa nafungua migongo ya TV za watu, na nikirudi nyumbani jioni nakuta nyingine inaniwakia, mbele yake wamekaa watoto watatu: binti yangu wa miaka 9, mdogo wake wa miaka 5 tunayemwita Babu kwa kuwa amebeba jina la marehemu baba yangu, na kitinda mimba wa mwaka mmoja na nusu.

Wateja huniuliza swali lisilo la ufundi: "Fundi, wewe wanao unawaachia waangalie nini?" Dukani nimekuwa nikijibu juu juu, bisibisi mkononi. Leo nijibu kwa kutulia. Kwangu swali linaanzia kwenye mkeka. Nani amekaa hapo pamoja nao, na anafanya nini? Mimi nimejipa kazi moja tu, nayo ni kuwa mtafsiri.

Kazi hiyo sikuibuni. Tanzania Bara tulianza kuwa na televisheni mwaka 1994, nami nilikuwa na miaka 9, umri wa binti yangu leo. Kwetu Chang'ombe TV haikuingia ndani mpaka nilipomaliza darasa la saba, kwa hiyo muvi zangu zote za utoto niliziona kibanda umiza: turubai mlangoni, mabenchi yanayochoma mapaja, joto, na kioo kidogo kilichopandishwa juu ya kabati ili wa nyuma nao waone. Tuliangalia za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani bila kuelewa neno. Halafu zikaja kanda zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, sauti ya mtafsiri ikipita juu ya muvi, za mtafsiri Lufufu na wenzake waliomfuata. Wale hawakutafsiri neno kwa neno. Walikuwa wanakwambia huyu ni nani, ana kisa gani na yule, mbona mama analia, na wakati mwingine mhusika wa ng'ambo alipewa jina la kwetu ili tumjue vizuri. Kibanda kizima kilicheka pamoja na kunyamaza pamoja. Nilipowaona wanangu wamekaa kimya mbele ya katuni ya Kiingereza, macho yamekazwa, hakuna anayecheka, nikajua kinachokosekana ni ile sauti.

Kabla hawajakaa

Muvi yetu ni Jumamosi saa 1 jioni. Ijumaa usiku, wakishalala, naiangalia kwanza peke yangu. Ukikosa muda wa kuimaliza, angalia dakika 10 za mwanzo, 20 za katikati na 15 za mwisho. Muvi za watoto zina kawaida ya kuweka jambo zito mapema, mzazi kufa au mtoto kutenganishwa na wenzake, na jingine karibu na mwisho pale shujaa anapoonekana ameshindwa. Mimi huandika kwenye kipande cha karatasi: "dk 41, nyoka". Ikifika dakika ya 38 nasogea karibu na Babu kama vile najinyoosha tu, na nyoka anamkuta mgongo wake umeegemea kifua changu.

Bodi ya Filamu Tanzania ina kazi ya kukagua filamu na kuzipa madaraja ya umri, chini ya sheria ya mwaka 1976. Daraja ukiliona liheshimu. Ila muvi nyingi tunazowekewa kwenye flashi mtaani hazina alama yoyote, na hata yenye alama haimjui mwanao. Binti yangu haogopi majitu wala mazimwi. Anaogopa mtoto kupotea kwenye kundi la watu, kwa sababu alishawahi kunipotea soko la Sabasaba kwa dakika chache ambazo mimi mwenyewe sijazisahau. Hilo hakuna karatasi ya bodi itakayoliandika. Ni lako kulijua.

Mambo ya chombo ni machache. Kioo kiwe usawa wa macho ya mtoto aliyekaa, mkeka uanze kama mita 2 kutoka hapo, na taa moja ibaki inawaka chumbani. Sauti iwe ya kiasi ambacho ukiongea kawaida aliye pembeni yako anakusikia. TV ifungwe ukutani, au ifungwe kwa nyuma isivutike. Nimepokea dukani vioo vingi vilivyopasuliwa na watoto, na kubadilisha kioo gharama yake hukaribia bei ya TV mpya, lakini kinachonikosesha raha ni uzito wa lile dude likimwangukia mtoto. Lifunge leo.

Namna ya kutafsiri

Dakika 5 za kwanza ndizo zako. Punguza sauti, usiizime, maana muziki unafanya nusu ya kazi, kisha tambulisha wahusika kwa watu wanaowafahamu. "Huyu mzee ni mkali kama jirani yetu mpira ukigonga bati lake. Huyu mdogo ndiye mjanja, mwangalieni vizuri." Safari zote mimi nazipitisha huku kwetu. Wakiondoka kijijini, wameondoka Mvumi. Wakifika kwenye maji mengi, wamefika bwawa la Hombolo. Tangu tupate treni ya umeme mwaka 2024, kila treni kwenye katuni inatoka stesheni ya hapa Dodoma kwenda Dar, na Babu hataki kusikia vinginevyo.

Wakishawajua wahusika, punguza maneno. Ongea kwenye nafasi, pale wahusika wanapotembea au kuangaliana. Wimbo usiutafsiri ukiwa unaimbwa, uache upite, waambie maana yake baadaye. Utani usiovuka lugha usihangaike nao. Tunga wako, mradi wacheke mahali ambapo muvi ilitaka wacheke. Rimoti ikae mkononi mwako, na mtoto akinyoosha mkono, simamisha. Kwetu swali moja laweza kula dakika 10 na muvi ikaishia katikati hadi Jumapili. Iishie.

Sasa nikwambie nilipokosea kwa muda mrefu. Kila mhusika akifanya kosa, nilikuwa naruka na funzo: "Mnaona? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Nilidhani huko ndiko kulea. Siku moja binti yangu akasema kwa upole, bila kunigeukia, "Baba, tuone kwanza." Nikanyamaza. Tulipomaliza, yeye mwenyewe akaniambia yule kijana alikosea wapi, tena alitaja kosa ambalo mimi sikuliona, kwamba alimdanganya rafiki yake kabla hajawadanganya wazazi. Tangu siku hiyo natafsiri maneno na siyatafsiri mafunzo. Muvi ikiisha nauliza swali moja tu, "Wewe ungefanyaje?", kisha nasikiliza.

Kuna jambo moja silinyamazii. Katuni nyingi za ng'ambo humfanya baba kuwa mtu wa kuanguka anguka, asiyejua kupika wala kumvika mtoto nguo. Babu aliwahi kuniuliza, "Mbona huyu baba hajui kukoroga uji?" Hapo nilisimamisha nikamjibu kwa sauti yangu mwenyewe, wala si ya mtafsiri: wapo wasiojua kwa kuwa hawajafundishwa, na kesho asubuhi mimi na wewe tutaukoroga. Tukaukoroga, wa uwele, ukawa na mabonge, tukaunywa.

Baada ya wiki chache za kutafsiri, geuza kazi. Zima sauti kabisa, rudia kipande cha dakika 5, na mtoto ndiye awe mtafsiri. Hili ndilo nakuomba ujaribu hata kama mengine yote utayaacha. Binti yangu hutafsiri kama mtangazaji wa mpira, hapumui. Babu alikuwa anaona haya, mpaka siku ile tuliyopata kipande cha tembo wawili, mkubwa na mdogo, wamesimama kwenye mvua. Aliwaangalia kidogo, akaanza: "Huyu mkubwa anasema, njoo ule. Huyu mdogo anasema, sitaki kula, namsubiri baba, baba anachelewa." Wiki ile nzima nilikuwa narudi saa 4 usiku, kazi zilikuwa zimerundikana dukani, na kila siku nilimkuta amelala. Mama yake alinitazama, hakusema kitu. Jumatatu yake nilifunga duka saa 12 jioni, na ndiyo saa ninayofunga mpaka sasa. Ningemuuliza mtoto wa miaka 5, "Je, unaumia nikichelewa?", angesema hapana na kukimbia kucheza. Tembo ndiye alimpa maneno.

Akishaogopa

Hofu kubwa tuliyopata haikutoka kwenye muvi ya Jumamosi. Ilitoka kwenye simu yangu. Nilikuwa na mteja, Babu analia, nikampa simu yenye katuni ya sungura niliyoijua. Ikaisha, ikajianzisha nyingine, kisha nyingine. Niliporudi baada ya nusu saa alikuwa anaangalia kitu chenye sura za katuni za watoto lakini si cha watoto hata kidogo. Mnyama anavunjwa mguu, na mlio wa mfupa unasikika waziwazi. Wiki nzima hakwenda chooni usiku peke yake.

Kwa hiyo fanya hivi kwenye simu. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya video uzime ile swichi inayoanzisha video inayofuata. Bora zaidi, pakua mbili au tatu ulizoziona, zima data, ndipo umpe. Video zikiisha zimeisha, na bando lako limepona.

Na mtoto aliyekwisha kuogopa? Usimwambie "usiogope, ni uongo tu." Kwake si uongo, ameusikia mfupa. Mimi nilimuonyesha mfupa unatengenezwaje. Walio kwenye kazi ya sauti za filamu huzitengeneza nyingi kwa vitu vya nyumbani: mfupa huvunjwa kwa mboga ngumu kama karoti, mwendo wa farasi hupigwa kwa vifuu viwili vya nazi, na hatua za kwenye theluji hutoka kwenye mfuko wa unga wa wanga unaofinywa. Basi Jumapili tulikusanya vitu kwenye mkeka. Nilitafuta bua bichi la mtama, nikamwambia Babu afumbe macho, nikalivunja karibu na sikio lake. Akashtuka, akafumbua, akaona bua. Nikampa la pili avunje yeye. Akalivunja huku anamwangalia dada yake, dada akapiga ukelele wa kuigiza, Babu akacheka mpaka akakaa chini. Walimaliza mabua yote. Kisha tukamwaga choroko kwenye sinia taratibu, ikanyesha mvua ambayo Dodoma huisubiri mpaka Desemba. Kwa vifuu walikimbiza farasi kuzunguka nyumba. Theluji hawajawahi kuiona, ila wameshaisikia kwenye kifuko cha unga wa muhogo. Usiku ule Babu alikwenda chooni ameshika kipande cha bua, na kesho yake alikwenda bila bua.

Kwa binti, aliyekuwa anauliza zaidi picha inatembeaje, tulitumia daftari lililoisha. Kwenye kona ya kila ukurasa alichora mtoto anaruka kamba, kila ukurasa kamba imesogea kidogo. Ukiziachia kurasa kwa kidole gumba, mtoto anaruka. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Alichora kurasa 24 kwa siku mbili, akazipitisha mara moja, zikaisha papo hapo. Akanikokotolea mwenyewe: muvi ya dakika 90 ni picha 129,600. Tangu hapo majina yakianza kupanda mwishoni hataki nizime. Anasema wale watu wamechoka, tuwasome.

Kifo kikitokea kwenye kioo

The Lion King ya 1994 karibu kila nyumba itaipitia siku moja. Kwa watoto wa Kiswahili ina ugeni wake. Binti yangu aliuliza kwa nini simba anaitwa Simba, na nyani aliye rafiki anaitwa Rafiki. "Ni kama mimi kuitwa Mtoto." Nikamwambia waliokuwa wanaitunga waliyapenda maneno yetu wakayachukua. Akaridhika, akawa anaringa kidogo.

Kisha baba simba akafa. Nilikuwa nimejiandaa, karatasi ninayo, Babu yuko kifuani kwangu. Mtoto wa simba akamsukuma baba yake kwa kichwa, baba haamki. Hapo mtafsiri hana la kutafsiri, hakuna lugha inayohitajika. Babu akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, na wewe utakufa?"

Nilisimamisha. Ushauri wangu hapa, baba mwenzangu, ni kwamba usiseme "hapana." Atakuja kujua, na atakumbuka kuwa ulimdanganya pale alipokuhitaji. Nilimwambia, "Ndiyo, siku moja. Watu wote. Lakini leo nipo, na ninakushika." Akafikiri, akauliza, "Babu yangu alikufa?" Ndiyo. "Ndiyo maana nimechukua jina lake?" Ndiyo, ili liendelee kuitwa ndani ya nyumba. Akasema niendelee na muvi. Krismasi tulipokwenda Mvumi nilimpeleka kaburini, nikamsomea jina lake lilivyoandikwa pale, na hakuogopa. Aliweka jiwe dogo pembeni, sijui alikoiona desturi hiyo, nami sikumuuliza.

Ukiona huwezi kujibu swali la namna hiyo siku hiyo, chagua muvi nyingine. Hakuna aliyekulazimisha.

Za kwetu, na saa ya kuzima

Mtafsiri naye hupumzika. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, linalotengeneza katuni za kufundishia, lilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, hesabu na sayansi ndani ya hadithi na nyimbo, halafu likaleta Akili and Me kwa wadogo. Akili ni binti wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na zote zipo kwa Kiswahili. Babu alipomsikia mtoto wa kwenye katuni akihesabu kwa lugha ya mama yake, alimjibu kwa sauti kana kwamba yuko sebuleni. Hata hapo kaa nao.

Na mama yangu akija kutoka Mvumi, TV inazimwa mapema. Huwa anaangalia katuni hadi mwisho kwa makini sana, kisha anasema naye anayo ya kwake, anaanza ya sungura na fisi. Anasimulia kwa Kigogo. Wanangu wanashika nusu, nusu inawapita, kwa hiyo natafsiri tena, safari hii bila rimoti. Nilipokuwa mdogo nilizisikia hadithi hizo hizo kutoka kwake, na sikujua kuwa siku moja nitazihitaji kwa lugha mbili.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajafika miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Kwa hiyo Jumamosi kitinda mimba yuko mgongoni kwa mama au analala, na mimi na mke wangu tunapokezana. Kwa wakubwa tatizo ni kuzima. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dodoma mwanzoni mwa 2013 na ving'amuzi vikaingia, chaneli zimekuwa nyingi, katuni haina saa ya kulala. Usizime kwa saa ya ukutani, mtoto akiwa katikati ya kisa. Utaleta ugomvi, na mtoto atakuwa na haki. Pima kwa visa: "Viwili, halafu tunazima," mwambie kabla hujawasha. Na kitufe abonyeze yeye mwenyewe. Babu huaga kwanza, "Kwaherini," kisha anabonyeza.

Jumamosi iliyopita luku iliisha zikiwa zimebaki kama dakika 20. Simu yangu nayo ilikuwa imezima, giza, nami nikaanza kupapasa kutafuta kiberiti. Kabla sijakipata binti yangu akaendelea na muvi pale ilipokatika. Alimpandisha yule msichana mlimani, akamvusha mto, Babu akampigia maji kwa choroko zilizobaki kwenye kopo, na kaka yake msichana, ambaye mimi nilikuwa nimeshamuona Ijumaa akibaki ng'ambo, alivuka naye akarudi nyumbani. Umeme ulirudi kesho yake. Nikawauliza kama tumalizie. Babu akasema si imeisha jana?